Pete Iliyosuguliwa Kavu

Siku pete ilipomtoka Tabea kidoleni ikabingiria chini ya kitanda, ililia mlio mwembamba kwenye sementi, ikazunguka mara mbili tatu, ikalala. Mumewe, Eliasi, akapiga magoti kuipapasa. Alipoinuka alimkuta mke wake ameunyanyua mkono mbele ya uso anavitazama vidole vyake kimoja kimoja, kama vile ni vya mtu mwingine amewekewa avitunze.

"Hata pete imenichoka, Baba Aika," akasema. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi chenyewe kikavu, hakileti kitu, na kikimshika humshika muda wa mtu kwenda mferejini na ndoo na kurudi.

Eliasi akaizungushia pete uzi kwa ndani ili ikamate, akamvisha tena. Alikuwa na neno, tena lilikuwa limemkaa kifuani siku ya kumi sasa, lakini hakulisema.

Pete ile aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Habari yake ilianzia mjini, kwenye karakana ya Themi, karibu na mto.

Karakana ilikuwa ya Harnam, Singasinga mrefu aliyezaliwa Nairobi, anayeongea Kiswahili cha kukata kata kama anayelipia kila neno. Eliasi alikuwa fundi wake wa mashine ya kukereza. Kazi hiyo alijifunza vitani, nyuma ya jeshi la Kingi, akitengeneza ekseli za malori kwenye matope ya Burma. Aliporudi Meru alikuwa na ufundi, koti moja na malaria. Kila asubuhi alishuka na baiskeli kutoka kwake juu ya Usa River hadi mjini, jioni akapanda tena.

Mwaka ule Wameru walipomtuma mtu wao ng'ambo kulalamikia ardhi yao, ndipo lilipofika sanduku la mbao kutoka Uingereza. Ndani yake nondo za rangi ya dhahabu iliyopauka, nzito, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Harnam akachukua moja akaiweka kwenye kiganja cha Eliasi.

"Unaona nini?"

"Shaba, Fundi."

"Shaba, ndiyo. Lakini ndani imetiwa kitu kidogo, inaitwa berili. Ukiikereza sasa ni laini, inakatika vizuri. Ukimaliza unaitia kwenye tanuri kwa saa tatu, moto kupita wa mkate. Inatoka ngumu kama chuma cha pua. Wanatengeneza springi, wanatengeneza bushi za miguu ya ndege. Sisi tutatengeneza nyundo na spana za maghala ya petroli."

"Nyundo za chuma zimekwisha nchini?"

"Nyundo ya chuma ikigonga chuma inatoa cheche. Cheche kwenye petroli, wewe kwisha, mimi kwisha, ghala kwisha. Hii hata ukipiga namna gani haitoi cheche." Kisha akaongeza, "Ni ghali sana. Usicheze nayo."

Akaweka na masharti. Mafuta yamwagike juu ya kisu cha mashine muda wote, kukereza kavu ni mwiko. Kupuliza mashine kwa pampu ya upepo, hapana. Kufagia, hapana, chenga zote zinazodondoka mashineni ziokotwe, vumbi lipanguswe kwa tambara lililolowa, na tambara liwekwe kwenye debe lenye kifuniko. Ovaroli zifuliwe hapo hapo karakanani, zisiende nyumbani. Na kila fundi anawe mpaka kwenye viwiko kabla hajatoka mlangoni.

Wafanyakazi walicheka mpaka machozi. Lerionka, Mwarusha aliyeshika kazi ya kufua vyuma, ndiye aliyecheka zaidi.

"Huyu anaogopa tutamwibia vumbi," alisema. "Subirini, mwezi ujao atatukung'uta na masikio."

Na kweli, kila mwisho wa mwezi Harnam alizipima chenga kwenye mizani akazirudisha kwa wenyewe Uingereza waziyeyushe upya. Basi nani angefikiri vinginevyo? Tajiri anaitunza mali yake, wakasema. Eliasi alifuata masharti yale kwa uaminifu, kama alivyofuata amri za jeshi, bila kuuliza. Hilo la kutouliza ndilo lililokuja kumla moyo.

Krismasi ya mwaka ule Harnam aliwapa watu wake kila mmoja zawadi yake. Wengine walipata sukari na blanketi, na Eliasi akapata kipande cha nondo kilichobaki, urefu wa kidole cha shahada. Alijua atakifanyia nini kabla hajafika nacho kwenye baiskeli.

Maana walipofunga ndoa kanisani, Tabea alivishwa pete ya shaba nyeupe ya dukani. Wiki ya pili kidole kikawa kijani kama jani la mgomba. Dada zake walimcheka, Susana mdogo wake akimuuliza kama ameolewa na mtu au na chura. Na Tabea, mwenye haya, akawa anaficha mkono ndani ya khanga hata anapopokea sakramenti.

Eliasi akakereza pete, akaitia kwenye tanuri pamoja na nyundo za watu, akaisugua mpaka ikang'aa. Akampelekea mkewe akiwa anamenya ndizi nje ya jiko.

"Hii ni dhahabu?" Tabea akashtuka. "Umeiba wapi, Baba Aika?"

"Si dhahabu. Ni shaba ya kutengenezea nyundo."

"Kwa hiyo umenivisha nyundo?"

"Nimekuvisha nyundo. Ukinikosea jikoni usinipige nayo."

Walicheka mpaka Aika, binti yao, akatoka ndani kuuliza kuna nini. Na pete ile ikakaa. Tabea alilima nayo, alifua nayo, alichuma kahawa nayo. Haikupinda, wala haikumpaka kijani. Ikififia kidogo anaifuta kwa upindo wa khanga inarudi.

Wanawake wa kanisani wakaiona. Dhahabu ya Wahindi wa mjini haikamatiki kwa bei, na hakuna bibi arusi wa Kilutheri aliyetaka kusimama mbele ya mchungaji bila pete. Akaja wa kwanza, wakaja watatu, kisha wakaja kutoka kila usharika mlimani. Harnam hakukataa, alimwachia Eliasi vipande vidogo badala ya nyongeza ya mshahara. Eliasi alizikata pete karakanani baada ya kazi, kwenye mafuta, kama sheria ilivyotaka, akazibeba nyumbani zikiwa bado zina makali na weusi wa tanuri. Kuzilainisha ikawa kazi ya Tabea. Tupa kwanza, kisha msasa, kisha kitambaa na jivu.

Mwanzoni alitumia maji. Lakini maji ya mfereji wa kule yana magadi, yale yale yanayowapaka watoto wetu meno rangi ya chai. Pete ikikauka inabaki na ukungu mweupe na madoa, unaisugua upya mpaka unachoka. Pipa la mvua lilikuwepo, hatua tano kutoka mlangoni, ila maji yale yalikuwa ya kunywa na ya wageni. Tabea akaona njia ya mkato: akazisugua kavu. Zilitoka safi, tena upesi.

Eliasi alimwona akifanya hivyo. Alimwona kila jioni, amekaa kwenye dirisha la magharibi kufuata mwanga, vumbi la njano likielea kwenye jua kama chavua ya mahindi. Anasugua, anageuza, anaipuliza pete ili aone ilivyo, anasugua tena. Pumzi tatu nne kwa kila pete. Eliasi alikaa kwenye kigoda akimtazama na kuona raha. Mawazo ya Themi, mafuta na matambara, hayakumjia hata mara moja. Yale yalikuwa mambo ya Harnam na mizani yake.

Kwa pete hizo walijenga nyumba ya mbao yenye bati na sakafu ya sementi, ya kwanza upande ule wa mfereji. Tabea aliifagia sakafu ile asubuhi na jioni kwa majivuno, na hasa pale chini ya dirisha.

Mwaka wa nne akaanza kukohoa. Akapungua. Akawa akipanda na mzigo mdogo tu wa majani ya ng'ombe anasimama mara tatu kushika kifua. Wakampeleka hospitali moja upande wa Moshi, wakampiga picha, wakamwambia ni kifua kikuu, akachomwa sindano miezi na miezi. Makohozi yakapimwa na kupimwa, mdudu haonekani. Mwisho daktari akamwambia Eliasi ampeleke tu nyumbani akakae na watu wake.

Kazi ya pete ikachukuliwa na Susana, aliyekuwa ameolewa kijiji cha Kikwe. Dada yake ndiye aliyemfundisha. "Usitie maji," alimwambia, "yanaharibu."

Basi Jumapili moja akaja Reginald kumjulia hali mgonjwa. Reginald alikuwa karani wa Harnam, Mchaga wa Machame, mtu wa miwani na maneno mengi, na alileta ndizi mshale chane zima. Kando ya kitanda palikuwa na sanduku la mbao, lile lile lililoleta nondo za kwanza. Eliasi aliliomba karakanani, na Tabea alitunzia humo tupa, misasa na pete zilizosubiri wenyewe. Reginald akalifungua aweke ndizi, na macho yake yakaangukia karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Karatasi ya Kiingereza, yenye mstari mwekundu pembeni. Miaka yote ilikuwa hapo. Tabea aliipenda kwa ule mstari.

Reginald akasoma. Akasoma tena, akafunga sanduku polepole.

"Bwana Eliasi," akasema, "hebu nisindikize."

Walisimama kati ya mibuni.

"Pale nyumbani mnasugua na maji au kavu?"

"Kavu. Kwa nini?"

Reginald akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Ile karatasi inasema chuma chenyewe hakina neno. Ukikishika, ukikivaa, hakikudhuru. Lakini vumbi lake na moshi wake, mtu asivute. Inasema mkereze kwenye mafuta au maji. Msipulize. Msifagie kavu. Nguo za kazi zisiende nyumbani." Akaivaa miwani tena. "Inasema vumbi likiingia kwenye mapafu linakaa. Ugonjwa unaweza kuja hata baada ya miaka. Na ukishakuja..."

"Ukishakuja nini?"

"Haijaandikwa dawa, kaka."

"Soma tena."

"Nitasoma mara ngapi, Eliasi? Ni hayo hayo."

Asubuhi yake Eliasi hakuvaa ovaroli. Alikwenda moja kwa moja mbele ya meza ya Harnam, hata salamu hakutoa.

"Ulijua vumbi lile ni sumu?"

Harnam akaiweka kalamu chini. "Nilikwambia si kavu. Kila siku nilisema, si kavu."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ningesema sumu, nani angeshika kazi?" Akaangalia mikono yake. "Mimi nilidhani pete unamaliza hapa, Eliasi. Hapa kuna mafuta. Naapa. Sikujua mama anasugua nyumbani."

Eliasi alitaka kumpiga. Aliinua hata mkono. Lakini maneno yale yalikuwa kweli: masharti yote alipewa, yeye akayashika vizuri sana hapa Themi, akayaacha mlangoni pamoja na ovaroli. Mkono ukashuka wenyewe.

Sasa palibaki Susana. Eliasi alipeleka ujumbe Kikwe: pete zirudishwe zote, biashara imekwisha. Sababu hakuitaja. Susana hakuwa mtu wa kuweka neno. Angelia njia nzima mpaka kitandani kwa dada yake, na Tabea angejua. Angejua kwamba ile nyundo aliyovishwa akicheka ndiyo iliyompiga. Eliasi alijiona hawezi kuutazama uso wake siku hiyo. Akajidanganya kwamba anamhurumia mgonjwa, kumbe alijihurumia mwenyewe.

Susana akajibu kwa mdomo wa mtu aliyetumwa: "Mwambie shemeji, dada yangu kuugua kusiwe sababu ya kuninyang'anya kazi awape dada zake. Nina arusi mbili mkononi. Nikizimaliza tutaongea."

Siku kumi zikapita hivyo. Kila asubuhi Eliasi alijiambia leo nakwenda mwenyewe Kikwe, na kila asubuhi akaona Tabea hafai kuachwa.

Ndipo pete ilipoanguka. Kesho yake mchungaji alikuwa aje kumpa Tabea sakramenti pale kitandani. Asubuhi hiyo Tabea akaomba khanga safi, akaomba kuchanwa nywele. Kisha akaivua pete na uzi wake.

"Imefifia. Ing'arishe kidogo, nisimpokee Bwana na pete ya huzuni."

Eliasi akachukua bakuli, akatoka nje, akachota maji ya mvua kwenye pipa. Akakaa karibu na kitanda, akaizamisha pete, akaanza kuisugua humo humo majini, polepole, asirushe hata tone. Tabea alimtazama akiwa amelala ubavu.

"Tangu lini unasugua kwa maji?"

"Haya ni ya mvua. Hayana magadi."

"Sikuuliza magadi. Nimeuliza tangu lini."

Eliasi aliendelea kusugua. Maji yakaanza kugeuka rangi.

"Baba Aika. Niangalie."

Akamwangalia. Na hapo hakuweza tena. Akamwambia yote, karatasi ya mstari mwekundu, mafuta ya Themi, Harnam, hata raha aliyokuwa akiiona akiwa kwenye kigoda. Alisema macho yakiwa kwenye bakuli. Alipomaliza, ilisikika pumzi ya Tabea tu ikikwaruza.

"Wanaozivaa?" Tabea akauliza mwisho.

"Wao hawana shida. Pete haidhuru. Ni vumbi."

"Kwa hiyo ni mimi tu niliyesugua." Akafumba macho. Kisha akayafumbua kwa ghafla, na akajaribu kuinuka kwa kiwiko, asiweze. "Susana. Umemwambia Susana?"

Eliasi akainamia bakuli.

"Umelijua lini?"

"Siku kumi na moja."

Katika maisha yao yote Tabea hakuwahi kumtazama vile. Afadhali angemtukana.

"Siku kumi na moja," akarudia, "umekaa hapa unanitengenezea mito, na mdogo wangu anapuliza pete. Nenda."

"Mchungaji anakuja. Aika yuko bweni. Nikuache na nani?"

"Nenda, Eliasi."

Tangu Aika azaliwe hakuwa amemwita kwa jina lake. Eliasi akaiacha pete ndani ya bakuli, akachukua baiskeli.

Alimkuta Susana ameketi mlangoni kwake Kikwe, juani, msasa mapajani, pete kwenye ncha ya kidole. Alikuwa ameiinua usawa wa midomo. Eliasi akaitupa baiskeli ikiwa bado inakwenda.

"Usipulize! Susana, usipulize!"

"Shemeji! Shikamoo kwanza, ndiyo uninyang'anye."

Akamshika kifundo cha mkono. Akamweleza, safari hii bila kuficha, huku majirani wakichungulia. Susana alianza kwa kubisha, akaishia kujifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Alijifuta, akajifuta tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Mimi sikohoi," akasema. "Shemeji, mimi sikohoi, unaona?"

"Naona."

"Mimi ni mwaka mmoja tu. Dada alikuwa miaka mitatu. Si ndiyo? Si kuna tofauti?"

"Kuna tofauti," Eliasi akasema. Hakujua kama ni kweli. Aliomba maji, wakalowesha matambara, wakapangusa mlango, kigoda na ukuta, wakafukia matambara yale shimoni. Misasa akaifunga kwenye khanga iliyolowa. Kazi hiyo ilimchukua mpaka jua likaanza kuinama.

Akiwa bado yuko chini kwenye mfereji aliona watu uani kwake. Wanawake, na mchungaji amesimama pembeni, kofia mkononi. Alishuka kwenye baiskeli akatembea. Hakuna aliyemkimbilia kumwambia, walimpisha tu.

"Alipokea sakramenti," mchungaji akasema kwa sauti ya chini. "Aliuliza kama umeshafika Kikwe. Nikamwambia nadhani umefika. Hakuuliza kitu kingine."

Bakuli lilikuwa pale pale kando ya kitanda, pete imelala chini ya maji yaliyotuama. Eliasi hakuigusa. Alisikia mlio nyuma yake, mkavu, aliouzoea kila asubuhi na jioni. Mama mmoja jirani alikuwa ameinama na ufagio. Msiba umeingia, watu wanakuja, nyumba lazima ifagiliwe. Ndivyo inavyofanywa kwa mtu aliyependwa. Alikuwa ameshafika chini ya dirisha la magharibi. Vumbi likapanda kwenye jua, la njano.

"Acha!" Eliasi akapiga kelele. "Acha ufagio! Tokeni nje, wote, tokeni!"

"Amechanganyikiwa, maskini," mtu akanong'ona. Yule mama akasimama na ufagio wake, machozi yakimtoka, asijue amekosa nini.

"Leteni maji," Eliasi akasema. "Ya kwenye pipa. Na matambara."

Wakamletea kwa kuwa mfiwa habishiwi. Akapiga magoti kwenye sakafu ile ya sementi. Akalowesha tambara, akapangusa chini ya dirisha kipande kwa kipande, akalisuuza, akapangusa tena, akiurudia ukuta, akisogea kuelekea kitandani. Waombolezaji walisimama mlangoni wakamtazama mwanamume mzima akifanya kazi ya wanawake siku ya msiba wake. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, na yeye hakumwomba mtu.

Alipofika kando ya kitanda aliitoa pete bakulini. Ilikuwa safi, haina doa hata moja. Akaikausha, akaizungushia uzi kwa ndani, akamvisha mkewe.

Kisha akarudi dirishani na tambara lake, kwa sababu aliona pembeni bado vumbi kidogo linang'ara.